Mashine ya kuosha mazulia: Uliza umri wa mota kabla ya kuuliza bei

Bonasi ya majani chai ikilipwa mwezi wa Oktoba, nyumba nyingi za Kisii na Nyamira huwa na kikao. Baba ana lake, mama ana lake, na kila mtoto ana lake. Kuna karo ya Januari, kuna mabati ya jikoni yanayovuja, kuna deni la dukani lililolala tangu Juni. Siku hizi limeongezeka jambo jingine. Kijana aliyemaliza shule na kukaa nyumbani mwaka mzima anasema: "Mama, ninunulieni mashine ya kuosha mazulia. Nitaenda nayo nyumba kwa nyumba. Pesa zenu nitazirudisha kabla ya mwaka kwisha."

Wazo hilo si baya hata kidogo. Kisii ni nchi ya mvua. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 1,500, na hakuna mwezi ambao mtu anaweza kuapa kwamba utakuwa mkavu. Udongo wetu ni mwekundu, laini na wenye kunata. Mgeni akiingia na viatu vyake, ameingia na kipande cha shamba. Na sebule zetu nazo zimebadilika. Zamani sakafu ya simenti ilipigwa rangi nyekundu ikatosha. Leo hata nyumba ya chumba kimoja kule Jogoo au Nyanchwa ina zulia la manyoya, na mwenye nyumba hulitunza kama mboni ya jicho.

Zulia hilo likichafuka, kuna njia mbili za zamani. Ya kwanza ni kulitoa nje, watu wawili, brashi, ndoo na sabuni ya unga. Ya pili ni kulipeleka mahali pa kuoshea magari, likapigwa maji ya nguvu mpaka gundi ya mgongoni ikaanza kuachia. Njia zote mbili huishia kwenye ua au kamba, ambapo zulia husubiri jua. Jua likichelewa siku tatu, zulia hurudi nyumbani likinuka ukungu. Ndiyo sababu mtu anayekuja na mashine inayoosha zulia palepale lilipo na kuyanyonya maji yake, hupata wateja haraka.

Basi sitaki kumvunja moyo kijana huyo. Ninalotaka ni wazazi wake, kabla hawajahesabu noti, waelewe mashine hiyo imeundwaje na imeundwa ifanye kazi kwa muda gani. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Lakini vingine vimeundwa kwa muda mfupi, na sanduku lake zuri halikuambii hivyo.

TUIFUNGUE MASHINE

Mashine hizi za kubebeka, iwe ile ndogo ya kushikwa kwa mkono mmoja au ile yenye magurudumu, zote zina viungo vinne vikuu. Kwanza kuna tangi la maji safi yenye sabuni. Pili kuna pampu, inayoyasukuma maji hayo mpaka kwenye pua ya mashine yakarushwa ndani ya nyuzi za zulia. Tatu kuna mota ya kunyonya, ambayo huyarudisha maji pamoja na uchafu. Nne kuna tangi la maji machafu, lenye kiboya ndani yake. Tangi likijaa, kiboya huinuka na kuziba njia ili maji yasifike kwenye mota.

Fundi mmoja mjini Kisii, upande wa Daraja Mbili, alinifungulia mashine tatu alizokuwa ameletewa. Ya kwanza ilikuwa imeungua pampu. Mwenyewe aliendelea kuibonyeza ilhali tangi lilikuwa limekauka, na pampu ndogo za aina ile hupozwa na maji yanayopita ndani yake. Ya pili mota ilikuwa na kutu kwenye beringi. Kijana aliyeitumia alitia sabuni ya unga ya kufulia, ikafanya povu jingi, na kiboya huzuia maji lakini hakizuii povu. Povu likapanda mpaka kwenye mota.

Ya tatu ililetwa na mama wa makamo ambaye alikuwa bado amesimama pale kwenye kaunta akisubiri jibu.

"Mama, hii haijaharibika," fundi akamwambia. "Imechoka."

"Imechoka vipi, fundi, na mwaka haujaisha?"

"Mwaka haujaisha, mama, lakini saa zake zimeisha."

Akamwonyesha vipande viwili vidogo vyeusi, vifupi kuliko ncha ya penseli. Hayo ndiyo makaa ya mota. Mota nyingi za kunyonya hupitisha umeme kwa makaa hayo, ambayo husugua sehemu inayozunguka na kulika kidogo kidogo kama chaki ubaoni. Yakiisha, mota husimama. Katika mashine nzuri makaa hayo hufunguliwa kwa bisibisi na kuwekwa mapya. Katika mashine ya yule mama, mota ilikuwa imefungwa ndani ya plastiki iliyochomewa. Kuyafikia makaa ilikuwa lazima kuivunja mota yenyewe.

SAA MIA TANO

Neno la yule fundi ndilo ninalotaka tulikalie leo. Sisi huhesabu umri wa kitu kwa miaka. Mota haijui miaka. Inajua saa ambazo imezunguka.

Umoja wa Ulaya ulipotunga kanuni kuhusu mashine za kufyonza vumbi za nyumbani mwaka wa 2013, uliweka kipimo cha uimara kilichoanza kutumika Septemba 2017. Mota ilitakiwa idumu kwa saa zisizopungua 500, na bomba la kunyonyea liweze kupindwa mara 40,000 bila kupasuka. Kanuni hiyo haikuzigusa mashine zinazotumia maji, lakini kipimo chake kinatusaidia kuelewa mawazo ya watengenezaji. Kwa mashine ya nyumbani, saa 500 zilionekana kuwa kiasi cha kuridhisha.

Sasa tuchukue kalamu na karatasi. Mama anayeitumia mashine yake saa moja kila Jumamosi hutumia saa 52 kwa mwaka. Saa 500 zitamtosha zaidi ya miaka tisa. Ataisifu mashine hiyo mpaka kanisani. Lakini kijana anayeizungusha kwa saa sita kwa siku, siku sita kwa juma, hutumia saa 36 kwa juma. Saa 500 zitaisha katika majuma 14. Akianza kazi mapema mwezi wa Novemba, mashine yake itakuwa imefika mwisho wa safari kabla Februari haijaisha.

Mashine ni ileile na duka ni lilelile. Mmoja anaimba sifa na mwingine analia ameibiwa, na wote wawili wanasema kweli. Ndiyo maana ushauri wa jirani aliyeinunua ya nyumbani kwake haumsaidii kijana wa biashara. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kutokana na hayo, kuna aina mbili za mashine sokoni, ingawa kwenye rafu zinaweza kukaa bega kwa bega. Kuna ya nyumbani na kuna ya kazi. Kärcher, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka wa 1935, imezitenga kwa rangi: manjano ni za nyumbani, kijivu ni za wafanyabiashara. Kampuni nyingine hazikufanyii hisani hiyo. Itakubidi utazame mwenyewe.

MAMBO YA KUTAZAMA DUKANI

Anza na plastiki. Gonga tangi kwa kifundo cha kidole. Plastiki nyembamba na ngumu hulia kama kikombe, na ikidondoka ngazini hupasuka. Plastiki nene ya matangi ya kazi hulia kwa sauti nzito, na ukiibonyeza hukubali kidogo kisha hurudi. Tazama pia viungo vya tangi. Tangi lililofinyangwa kama kitu kimoja halina mahali pa kuvuja. Lililounganishwa vipande viwili kwa gundi litavuja palepale penye gundi siku moja.

Kisha geuza mashine na utazame inavyofungwa. Ukiona skurubu, kuna matumaini. Ukiona plastiki imebanwa kwa meno bila skurubu hata moja, fundi wako atalazimika kuivunja ili aiponye.

Uliza kuhusu pampu. Mashine nyingi za nyumbani hutumia pampu ndogo inayofanya kazi kwa kutetemeka. Ni nyepesi na ya bei nafuu, lakini haivumilii kukaushwa wala mchanga. Mashine za kazi mara nyingi hutumia pampu yenye kiwambo cha mpira, ambacho kikipasuka hubadilishwa chenyewe bila kununua pampu nzima.

Uliza tena hewa inayopoza mota hupita wapi. Katika mashine nzuri za maji, hewa ya kupoza mota ina njia yake, na hewa chafu yenye unyevu ina njia nyingine. Muuzaji akikutazama tu bila jibu, umejua kiasi cha msaada utakaopata siku mashine itakapogoma.

Mwisho, omba ijaribiwe mbele yako. Usikubali kuambiwa kwamba sanduku likifunguliwa lazima ulipe. Tia lita tano za maji safi, pitisha mashine kwenye kipande cha zulia mpaka yaishe, kisha mwaga maji machafu ndani ya ndoo na uyapime. Ukirudishiwa lita nne, hiyo ni mashine. Ukirudishiwa mbili, tatu zimebaki ndani ya zulia, na kwa mvua ya Kisii zulia hilo litaota ukungu. Jaribio hili halihitaji utaalamu wowote, na linasema kweli kuliko maandishi yote ya sandukuni.

MILIMA YETU NA STIMA YETU

Kuna jambo ambalo wauzaji wa Nairobi hawalisemi, na la Mombasa hawalijui kabisa. Mashine haiyavuti maji. Inachofanya ni kupunguza hewa ndani yake, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji kuingia. Sasa mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Keroka iko juu zaidi. Hewa yetu ni nyepesi. Msukumo wake ni kama sehemu nne kwa tano za msukumo wa hewa ya pwani. Kwa hiyo mashine iliyokuwa ikinyonya kwa shida kule chini, huku milimani itanyonya kwa shida zaidi, na hewa hiyo nyepesi huipoza mota kidogo kuliko kawaida. Ukiwa huku, nunua nguvu zaidi kidogo ya zile ulizokuwa umepanga, na uipumzishe mashine mara kwa mara.

Jambo la pili ni stima. Tangu mpango wa kusambaza umeme mpaka vijijini ulipoanza mwaka wa 2015, nyaya zimefika mahali ambapo hatukuzitarajia. Lakini nyumba iliyo mwisho wa laini hupata umeme uliochoka, hasa saa za jioni. Mota ya kunyonya ikipata umeme hafifu huzunguka polepole, na maji hubaki zuliani. Kijana akiongeza waya mrefu mwembamba wa kuunganishia, anaupunguza umeme huo tena na waya wenyewe unapata moto. Waya wa kuunganishia uwe mnene, na ukunjuliwe wote kabla ya kazi. Na stima ikikatika, zima swichi ya mashine upesi, kwa maana inaporudi huweza kurudi kwa kishindo.

Tafadhali pia, plagi yenye meno matatu isibadilishwe iwe ya meno mawili. Jino la tatu ni la kukulinda. Mtu anayesimama juu ya zulia lililolowa akiwa na mashine ya umeme mkononi anauhitaji ulinzi huo kuliko mtu yeyote.

Jambo la tatu linawahusu jamaa zetu walio ng'ambo. Watu wetu ni wengi huko Marekani, hasa Minnesota, na wana moyo wa kusaidia. Mpwa anaona mashine nzuri dukani kwa bei ya kupunguziwa, anaifunga, anaituma. Marekani umeme wa nyumbani ni wa volti 120. Wetu ni wa volti 240. Ukiichomeka mashine hiyo moja kwa moja, itanguruma kwa nguvu za ajabu kwa muda mfupi, halafu moshi. Transfoma ya kuipunguzia umeme lazima iwe na uwezo unaozidi ule wa mashine, na hiyo ni chuma kizito kisichopandishwa mlima wa Manga mgongoni. Mwambie mpwa, kwa shukrani zote, atume pesa badala ya mashine. Zile zinazotoka Uingereza hazina shida hiyo ya umeme. Lakini zikiwa zimetumika, hakuna anayejua saa ngapi zimebaki ndani ya mota yake.

MASHINE HUNUNULIWA PAMOJA NA SPEA ZAKE

Kabla ya kutoa pesa, uliza maswali manne. Makaa ya mota hii mnayauza? Pampu yake mnayo? Mpira wa kuzibia tangi na bomba la kunyonyea mnavyo? Fundi wenu yuko mji gani? Muuzaji akijibu kwamba vitu hivyo "vitaagizwa", muulize vitachukua siku ngapi, na amwagize mtu akuonyeshe kimoja. Juma moja la kusubiri spea ni juma moja bila kazi, na mteja aliyekuwa anakungoja amekwisha kumwita mwingine.

Wakati mwingine jina kubwa lisilo na spea Kisii linashindwa na jina dogo lenye spea mtaani. Hilo lisikushangaze. Ng'ombe wa gredi asiye na daktari karibu ni hasara.

Soma pia karatasi ya dhamana, na uisome yote. Dhamana nyingi za mashine za nyumbani husema kwamba mashine ikitumika kwa biashara, dhamana imekufa. Hapo ndipo familia nyingi hunaswa. Wanarudi dukani baada ya miezi mitatu na risiti mkononi, wanaulizwa mashine ilikuwa ikifanya kazi gani, na kijana kwa unyofu wake anajibu.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayokitakia kitu hicho na kuutegemea ujuzi wake. Kitu hicho lazima kiifae kazi hiyo. Lakini ukiingia dukani na kusema tu, "Nipe ile ya jina fulani," ukaitaja kwa chapa yake, umejipunguzia haki hiyo, kwa sababu umechagua mwenyewe. Basi sema waziwazi: "Nataka mashine ya biashara, ya kufanya kazi saa sita kwa siku. Wewe unanishauri ipi?" Kisha omba maneno hayo yaandikwe kwenye risiti: ya biashara, saa sita kwa siku. Muuzaji mwaminifu ataandika. Anayekataa naye amekufaa, maana amekueleza anachokijua kuhusu mashine yake.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na haki ya kupewa maelezo ya kumwezesha kunufaika nazo. Ikiwa mazungumzo yameshindikana, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016, baada ya kurekebishwa mwaka wa 2020, inahusu madai yasiyozidi Sh1 milioni, na unaweza kujisimamia bila wakili. Huko nako utaulizwa karatasi. Risiti ya mkono isiyo na jina la duka wala la mashine haitakusaidia.

AKIBA YA MASHINE

Je, asiye na pesa za mashine ya kazi akae nyumbani? La. Zipo njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuanza na mashine ya nyumbani kwa akili. Tuseme, kwa mfano tu, ameinunua kwa Sh30,000 na itadumu saa 500. Ukigawa, kila saa ya kazi inakula Sh60 za mashine. Basi kila saa anayofanya kazi, aweke Sh60 kando, kwenye simu au kwenye kopo, na ajiambie kwamba pesa hizo si zake. Mashine ikifa, atakuwa na Sh30,000 za kununua nyingine, au za kuongezea apate ya kazi. Asipoziweka, atadhani anapata faida kumbe anaila mashine yenyewe kipande kwa kipande. Hapa ndipo biashara nyingi za vijana hufia. Mashine haikuwadanganya. Hawakuiwekea akiba ya mazishi yake.

Njia ya pili ni kuungana. Familia tatu au chama cha kina mama kikichanga, mashine moja ya kazi hununulika, na vijana wawili huitumia kwa zamu. Lakini liandikwe daftari la saa: nani ameichukua lini, ameirudisha lini, imefanya kazi saa ngapi. Mali ya wengi bila daftari huwa haina mwenyewe.

Njia ya tatu ni ya wenye mikono migumu. Nunua mashine imara ya kunyonya maji na vumbi, isiyo na pampu ndani yake. Maji ya sabuni yanyunyizie kwa bomba la mgongoni, kama lile la kunyunyizia kahawa. Sugua kwa brashi, kisha nyonya. Kazi inachukua muda zaidi, lakini kitu kimoja kikiharibika, kingine bado kizima, na vifaa vyote viwili mafundi wetu wanavijua. Sharti ni moja: bomba hilo liwe jipya. Lisiwe lililowahi kutiwa dawa ya kahawa au ya kupe hata mara moja. Watoto hutambaa juu ya mazulia hayo.

UTUNZAJI

Mashine iliyonunuliwa vizuri inaweza kuuawa kwa juma moja. Zulia lenye udongo wetu mwekundu lisitiwe maji kwanza. Likung'utwe na kufyonzwa vumbi likiwa kavu, la sivyo unatengeneza tope ndani ya mashine. Maji ya mtoni yachujwe kwa kitambaa kabla ya kuingia tangini, maana mchanga mmoja hutosha kuziba tundu la pua. Maji yawe ya moto wa mkono kuvumilia. Yanayochemka hupinda plastiki na kuharibu mipira. Sabuni iwe ile isiyotoa povu jingi, na ipimwe kama ilivyoandikwa.

Jioni, tia maji matupu, yapitishe kwenye pampu ili sabuni isikaukie ndani. Mwaga tangi chafu, lioshe, liache wazi likauke. Na siku ya kuhama kwenda kwa mteja mwingine, matangi yawe matupu na mashine isimame wima, ifungwe juu ya godoro kuukuu kwenye bodaboda. Barabara zetu za milimani zina uwezo wa kulegeza skurubu ambayo hakuna fundi angeilegeza. Kila Jumamosi zikazwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mzazi anayetoa bonasi ya mwaka mzima ana haki ya kuuliza maswali haya yote, na kijana ana wajibu wa kuyajibu kabla ya kuipokea. Aseme mashine itafanya kazi saa ngapi kwa juma, spea zake ziko duka gani, na atajaribu maji lita tano mbele ya nani. Akiweza kujibu, mpeni baraka zenu na pesa zenu. Akishindwa, mpeni majuma mawili akaulize kwa mafundi wa Kisii, Keroka na Nyamira, kisha mkae tena. Majani chai yalichumwa kwa mwaka mzima. Majuma mawili si mengi.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia nyumba safi na zulia kavu.